Mmoja asema pepo, mwingine asema sanduku: tuchague suiti gani melini?

SWALI

Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba vinne hapa Langoni, Lamu. Mwaka huu tunatimiza miaka 40 ya ndoa, na kijana wetu aliye Dubai ataka kutupa zawadi ya safari ya siku saba kwenye meli mpya ya kifahari, kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kupitia Kotor mpaka Venice, mwishoni mwa Septemba. Ametwambia tuchague suiti wenyewe. Nimesoma maoni ya waliokwisha kuipanda nikazidi kuchanganyikiwa. Mmoja asema suiti yake ilikuwa pepo, mwingine asema ni sanduku lenye pazia. Mmoja asema kimya kilimlaza kama mtoto, mwingine hakulala usiku hata mmoja. Mmoja aliagana na mhudumu wake kwa machozi, mwingine asema mhudumu hakumwona. Nimwamini nani? Tena sisi ni watu wa swala na buibui. Tutaishi vipi humo?

JIBU

Dada yangu, waamini wote. Miaka 14 nilifanya kazi ya vyumba kwenye meli za kitalii. Nilianza kwa kutandika vitanda, nikamaliza nikiwa msimamizi wa sitaha mbili, ndipo nikarudi Malindi kufungua ofisi ya safari. Usiku wa mwisho wa kila safari tulikusanya karatasi za maoni. Vyumba viwili vimepakana, magodoro ni yale yale, mhudumu ni mmoja, na bado huyu ameandika "sijapata kuona", yule ameandika "sirudi tena". Wala hakuna aliyesema uongo.

Nawe jambo hili unalijua kuliko unavyodhani. Mgeni wako aliyelalamika kwamba adhana ya alfajiri na vilio vya punda vilimkatizia usingizi, na mwenzake aliyeandika kwamba hivyo ndivyo vilivyompendeza zaidi Lamu nzima, huenda walilala chumba kimoja. Ukiwasoma wote wawili unabaki na jambo moja la hakika: chumba kile kinasikia adhana na punda. Hilo ndilo la kuchukua. Furaha na ghadhabu waachie wenyewe.

Jibu fupi nikupe sasa hivi, maana najua utamsomea mzee na yeye hapendi kuzungushwa. Chukueni suiti ya daraja la chini kabisa yenye roshani, iwe katikati ya urefu wa meli, na juu yake na chini yake pawe na vyumba vya watu wengine wa kulala. Tofauti ya bei kati ya hiyo na zile kubwa, mwombe kijana aigeuze siku mbili za kupumzika Athens kabla ya kupanda.

Sasa tuje kwa pepo na sanduku. Kwenye meli za zamani, suiti ilikuwa na maana ya vyumba viwili: cha kulala, na cha kukaa. Kwenye meli nyingi za kifahari za leo, kila chumba huitwa suiti, cha bei ya chini na cha bei ya juu. Chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia kati ya kitanda na kochi, hicho pia ni suiti. Aliyetoka kwenye meli kubwa za watu wengi, alikozoea chumba cha ndani kisicho hata na dirisha, akiingia humo aona pepo. Aliyelala suiti za vyumba viwili kwenye hoteli za Paris aona sanduku. Nao wanazungumzia mita zile zile.

Mita zenyewe zina hila. Kampuni nyingi huhesabu roshani ndani ya ukubwa wa suiti. Meli ya Explora I, iliyoanza safari Agosti 2023, ina suiti 461, na ndogo kabisa ni za mita za mraba 35, roshani ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Ni kubwa kwa chumba cha melini, tena kubwa sana. Lakini ukitandika mita 35 kwenye sakafu yako ya Langoni kwa kamba halafu ukashangaa mbona huku ni padogo, kumbuka kwamba umesahau kutoa roshani. Upande wa pili wa mizani iko suiti kubwa kuliko zote kwenye Seven Seas Splendor ya mwaka 2020: kiasi cha mita za mraba 413 pamoja na roshani yake, na kitanda ambacho peke yake kilitangazwa kuwa cha dola 200,000. Ukisoma sifa za aliyelala humo, zisome kama unavyosoma habari za harusi ya sultani, kisha ufunge ukurasa.

Wewe una faida moja ambayo wale waandishi wa maoni hawana. Umezaliwa kwenye nyumba ya mawe. Vyumba vya nyumba zetu za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na mafundi wakatumia ule wembamba kufanya heshima: daka kwa mpita njia, msana kwa mgeni, ndani kwa wenyewe, kila ukiingia ndivyo unavyozidi kustiriwa. Chumba cha melini nacho ni kirefu na chembamba, ila kwa sababu nyingine. Kila mteja anataka bahari, na ubavu wa meli una urefu wake. Kwa hiyo usiulize tu ni mita ngapi. Uliza kitanda kiko wapi. Kuna suiti ambazo kitanda kiko upande wa roshani na kochi liko karibu na mlango, na kuna zilizogeuzwa. Kwa mtu wa Lamu, ya kwanza ndiyo nyumba: mhudumu akija na chai anaishia kwenye kochi, ndani haoni. Ya pili, kila anayefungua mlango anakutana na kitanda. Mchoro wa chumba uko kwenye ramani ya sitaha ya kampuni yoyote, hulipii kuuona.

Kipimo kingine ambacho wasafiri hukigusa bila kukijua ni pale wanaposema "meli ilikuwa tupu" au "tulibanana". Ukubwa wa meli za abiria hutajwa kwa tani za ujazo. Wengi hudhani ni uzito, kumbe ni kiasi cha nafasi iliyofunikwa ndani ya meli. Gawanya tani hizo kwa idadi ya abiria, wakihesabiwa wawili kwa kila chumba, utapata sehemu ya kila mtu. Explora I ina tani 63,900 kwa abiria 922, yaani kama 69 kwa kichwa. Silver Nova ya 2023 ina 54,700 kwa abiria 728, yaani 75. Icon of the Seas, lile jitu lililoanza Januari 2024, lina 248,663 kwa abiria 5,610: ni 44 tu. Ndiyo maana meli ndogo yaweza kuwa na uwazi kuliko meli kubwa mara nne. Fanya hesabu hiyo kwa meli mliyochaguliwa (uliyoniandikia inaangukia kwenye 70, nimeshakupigia). Ikifika huko, anayelalamika kubanana alikwenda kula saa ambayo kila mtu alikwenda.

Halafu angalia tarehe ya maoni. Meli mpya ni kama nyumba mpya, siku ya kuhamia mfereji mmoja hautoi maji. Niliwahi kupanda meli siku tano kabla ya abiria wake wa kwanza. Mafundi wa kuchomelea walikuwa bado wamo, sitaha ya tisa haikuwa na maji moto, na mapazia ya vyumba arobaini yalikuwa njiani ndani ya kontena. Wahudumu tulitoka nchi ishirini, wengi hatujapata kufanya kazi pamoja hata siku moja. Wageni wa safari ile walituandikia mambo ambayo hata leo nikiyakumbuka nafumba macho. Miezi sita baadaye meli ile ile, watumishi wale wale, sifa zikamiminika. Wala si ajabu ya kampuni moja. Evrima, meli ya kwanza ya Ritz-Carlton, ilitarajiwa mwaka 2020, ikaahirishwa tena na tena mpaka ikasafiri Oktoba 2022. Explora I nayo ilisogezwa kutoka Julai hadi Agosti 2023. Kwa hiyo maoni ya miezi mitatu ya mwanzo yatenge pembeni kwa yote yahusuyo huduma, mabomba na milango, lakini yashike kwa yahusuyo umbo: ukubwa wa chumba, kivuli kwenye bwawa, nguzo iliyoziba roshani. Hayo hayabadiliki mpaka meli irudi chelezoni.

Mwezi nao una neno. Bahari ya Aegean ina upepo wake wa kiangazi, meltemi, uvumao kutoka kaskazini na kushika nguvu Julai na Agosti. Aliyeandika Agosti kwamba meli ilikwenda mrama mpaka sahani zikateleza, na aliyeandika Oktoba kwamba ilikuwa kama kukaa sebuleni, wote wamesema kweli. Wewe usingemuuliza mtu wa kusi habari za kaskazi. Mwishoni mwa Septemba mara nyingi ukali wa upepo ule huwa umepungua.

Hapa ndipo penye neno la wazee wetu ambalo watu hulitumia kwa mambo ya dunia na kusahau kwamba lilianzia chomboni: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lichukue kama lilivyo: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, ngama ni tumboni mwake, chini. Meli hupanda na kushuka zaidi omo na tezi, na juu huyumba zaidi kuliko chini. Katikati, sitaha za chini, ndipo penye utulivu. Kampuni huuza ghali suiti za juu kabisa na za mbele kabisa kwa sababu ya mandhari, na mwenye kichwa chepesi hununua kichefuchefu kwa bei ya mandhari. Omo kuna na kelele zake: meli ikiingia bandarini alfajiri, mashine zinazosukuma omo ubavuni hunguruma chini ya sitaha, na nanga ikiteremshwa utadhani nyumba inaanguka. Tezi kuna mtetemo wa propela, ingawa meli mpya zimepunguza sana.

Na yule ambaye hakulala usiku hata mmoja? Naweza karibu kukutajia chumba chake. Alikuwa chini ya sitaha ya bwawa. Saa kumi na moja alfajiri vijana hupanga viti vya jua juu ya mbao, na kila kiti kinaburuzwa. Ama alikuwa chini ya jiko, au juu ya ukumbi wa muziki, au ubavuni mwa lifti. Au alipewa chumba chenye mlango wa kuunganisha na jirani. Mlango ule hauzuii sauti kama ukuta, na jirani akikohoa unamwambia pole. Ndiyo maana nimesema vyumba juu, vyumba chini. Tena mwambie kijana asikubali ile bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayowachagulia chumba siku za mwisho. Unafuu wake hutoka hapo hapo chini ya viti.

Mhudumu wa suiti aliyemliza mmoja na asiyeonekana kwa mwingine, nalo lina maelezo ya kawaida. Baadhi ya kampuni, Silversea kwa mfano, huweka mhudumu binafsi kwa kila suiti. Nyingine humtoa kwa madaraja ya juu tu, na walio chini wana mtandika kitanda, ambaye huja mtu akiwa amekwenda kula. Hiyo moja. Ya pili ni kwamba wageni wengi hawajui la kumwomba, wanaona haya. Sisi tulikuwa tunasubiri kuombwa! Mwambieni siku ya kwanza: friji ndogo itolewe pombe yote iwekwe maji na maji ya matunda, meza ya kati isogezwe ipatikane nafasi ya miswala miwili, chai iletwe alfajiri saa fulani, na chumba kisafishwe saa ambayo Bi mkubwa hayumo, au kisafishwe na mwanamke. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomshangaza.

Nilipata kuwahudumia mzee mmoja na mkewe walioniuliza kibla. Nikauliza kwa maafisa wa usukani, nikaja nikabandika utepe wa karatasi kwenye zulia, nimejivuna kweli. Baada ya adhuhuri yule mzee akaniita, akanionyesha kwenye televisheni ramani ya safari: meli ilikuwa imegeuka, na utepe wangu ulikuwa ukielekea Uhispania. Tulicheka wote. Kwa maji mtakayopita Makka itakuwa kusini-mashariki, lakini omo haitulii, kwa hiyo tazameni dira ya simu kila wakati wa swala, mkilinganisha na ile ramani ya televisheni, maana chuma cha meli huweza kuidanganya dira. Kukusanya na kupunguza swala mnayajua, na penye shaka mna masheikh wenu karibu kuliko mimi.

Chakula ndipo ninapotaka muwe wakali. Neno "bila nguruwe" na neno "halali" si neno moja, na wapokea simu wa kampuni hulichanganya kwa nia njema kabisa. Kijana aandike, asipige simu, angalau miezi miwili kabla, aulize kama nyama ya halali itapakiwa kwa ajili yenu na kama mpishi anaweza kuacha divai kwenye mchuzi. Mkijibiwa kwa mzunguko, basi hesabuni samaki, mayai na mboga siku saba. Kwa watu wa Lamu hiyo si adhabu. Mikahawa mingi ndani ya meli za daraja hili imo ndani ya nauli, ila mara nyingi pana mmoja wa kulipia zaidi. Mengi ya manung'uniko ya chakula hutokea kwa huo.

Maliwato wanayoyasifu, marumaru na sakafu yenye joto, ni kweli mazuri. Lakini hakuna mwandishi wa maoni kutoka Ulaya atakayekwambia jambo utakaloligundua dakika ya kwanza: mara nyingi hakuna mpira wa maji pembeni ya choo. Chukueni kopo la plastiki. Vyoo vya melini huvuta kwa hewa, hata kipande cha kitambaa kikitumbukia huweza kuziba njia ya vyumba kadhaa, kwa hiyo kisitupwe chochote. Na kama suiti za daraja lenu zina uchaguzi kati ya beseni la kuogea na bafu la kusimama, mzee mwenye magoti chukua la kusimama. Kingo za mabeseni ya melini ni ndefu, na meli haikusubiri uinue mguu.

Roshani, dada, itazame kwa jicho la buibui. Kwenye meli nyingi, hasa upande wa tezi, sitaha zimepangwa kama ngazi, ya chini imetokeza kuliko ya juu, na jirani wa juu akiegemea anaona kitambaa cha kichwa chako kikiwa kimekaa kitini peke yake. Za ubavuni zilizopangwa sambamba zina stara zaidi. Bwawa na vyumba vya mvuke ni vya wote pamoja. Uliza kama waweza kukodi chumba cha mvuke kwa saa yenu peke yenu.

Burudani sitaki kupoteza wino. Anayesema "hakuna la kufanya jioni" anakusifia meli bila kujua.

Kuna maoni ya aina moja tu ninayowaomba myapuuze kabisa, ya wanaonung'unika kwamba zoezi la usalama liliwapotezea muda. Usiku wa 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kisiwani Giglio, wakafa watu 32, na miongoni mwa abiria walikuwamo waliopanda siku ile ile kabla hawajafanya zoezi. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Nendeni, mjue boti yenu.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mkitoka Ugiriki mkaingia Kotor kisha Italia, mmetoka na kurudi, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi, ombeni ya kuingia mara nyingi. Maombi hupokelewa mpaka miezi sita kabla ya safari; msingoje Agosti. Kwa Montenegro yenyewe, kijana aulize ubalozi na kampuni, apate jibu kwa maandishi. Na neno "Venice" kwenye tiketi lisomeni vizuri: tangu Agosti 2021 meli zenye tani zaidi ya 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca, ule unaopita mbele ya mji, na nyingi hushusha watu kwenye bandari nyingine, pengine mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Msikate tiketi ya ndege ya asubuhi ya siku hiyo. Bima iwe ile inayolipa kumtoa mgonjwa melini mpaka hospitali, hasa kwa umri wa mzee.

Bakshishi kwenye meli za namna hii kwa kawaida imo ndani ya nauli, na hamna deni. Lakini nikiwa mtu niliyetandika vitanda hivyo, nakwambia: bahasha ndogo yenye jina la mhudumu na mistari miwili ya shukrani, nakala yake ikapelekwa kwa msimamizi, ilitusaidia kupanda cheo kuliko noti.

Kijana akishapewa namba za vyumba vilivyo wazi, niletee kabla hajalipa. Nitaziweka juu ya ramani ya sitaha nikuambie ni kipi kiko chini ya viti.